Bastola namba nane: siku niliyomkimbiza baba mkwe kwenye majani chai

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nazima simu. Leo ni zamu yangu kuchekwa.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Najua humu kuna watu wa Ekerenyo, na nikidanganya hata sentensi moja wataniumbua hapa hapa. Kwa hivyo chumvi sitaongeza. Kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.

Sogeeni.

Mimi ni mchongaji wa mawe, Tabaka, huku Kisii. Yale mawe laini mnayaona yamekuwa sahani, sanamu za mama na mtoto, seti za chesi. Mimi upande wangu ni viboko. Miaka kumi na tisa nachonga viboko. Kama sebuleni kwako kuna kiboko cha jiwe chenye mashavu ya kushiba, kuna uwezekano mkubwa ni mtoto wangu.

Sasa, siku si nyingi zilizopita walikuja Wajapani kurekodi filamu ya action huku kwetu.

Story ya filamu sikuielewa sana. Kuna majambazi wa kwao wametoroka, wanajificha Afrika kwenye machimbo ya mawe, halafu jamaa mmoja mwenye huzuni anakuja kuwamaliza mmoja baada ya mwingine. Machimbo yetu waliyapenda kwa sababu ya rangi. Jiwe likipigwa na jua la asubuhi lina weupe fulani wenye damu kidogo ndani yake. Sisi hatujawahi kuliona hilo, kwetu ni vumbi tu.

Nilichukuliwa kuchonga sanamu kubwa ambayo ingevunjwa kwenye vita. Kazi ya siku nne. Nikamaliza, wakaivunja kwa sekunde mbili, mimi nikabaki pale nazungukazunguka kwa sababu chakula kilikuwa kizuri.

Hapo ndipo nilimjua mzee Hayashi.

Mzee Hayashi ndiye alikuwa bwana wa bunduki. Mfupi, nywele zote nyeupe, apron yenye mifuko mingi, na haongei ovyo. Alikuwa na sanduku jeusi, ndani kuna sponji iliyokatwa kwa umbo la kila bunduki, ili ikikosekana moja uone shimo lake hapo hapo.

Zote zilikuwa za uongo. Kwao huko sheria ya bunduki ni kali sana, hata kwenye filamu hawatumii za kweli. Kuna zile za kuonyeshwa karibu na kamera, zimetengenezwa kwa ustadi mpaka skrubu zinaonekana, lakini mtutu umezibwa, na ndani kuna baruti kidogo sana inayowashwa na betri ili itoe moshi. Halafu kuna za mpira, za watu kukimbia nazo, kuanguka nazo, kupigana nazo kichwani.

Shida ikawa hizo za mpira. Mzigo wake ulichelewa njiani, na matukio ya kukimbia yalikuwa yanaanza wiki hiyo.

Nikasikia wanalalamika. Yaani nilisikia Kijapani, sikuelewa kitu, lakini Kerubo alikuwa hapo. Kerubo ni binti wa Kisii mjini, ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Akanieleza.

Wakuu, mdomo wangu huu.

Nikasema, "Mwambie mzee asihangaike. Mimi naweza kuchonga kitu chochote."

Kerubo akaniangalia. "Chochote?"

"Chochote."

Akamwambia. Mzee Hayashi akanitazama mikono, si uso, akatoa bastola moja ya mfano, akanipa niiangalie kwa dakika kumi. Nikaenda kufanya kazi kwa kitu ninachokijua. Jiwe.

Kesho yake nikaleta bastola ya jiwe. Nimeipiga msasa na maji, nimeipaka rangi nyeusi ya viatu, inang'aa. Nilikuwa najiona engineer.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. Akaigeuza huku na huku. Akasema neno moja, halafu jingine. Kerubo akaziba mdomo.

"Anasemaje?"

"Anasema maishani mwake ameshika bunduki nyingi za filamu, lakini hii ndiyo ya kwanza inayotabasamu."

Nikaiangalia tena. Kweli, wakuu. Ilikuwa na mashavu. Miaka kumi na tisa ya viboko haifutiki kwa siku moja.

Halafu akampa mwigizaji mmoja akimbie nayo. Jamaa alikimbia hatua tano, mkono ukavutwa chini kama amebeba ndoo ya maji, bastola ikamponyoka, ikaangukia mguu wake, ikakatika vipande viwili. Mguu haukukatika, namshukuru Mungu, lakini jamaa alichechemea siku mbili, na director akasema sawa, huyo jambazi atakuwa kiwete.

Nilidhani nimefukuzwa. Badala yake mzee Hayashi akanikalisha chini, akaanza kunifundisha.

Tukahamia kwenye mbao. Grevilea, kwa sababu ndiyo iko kila mahali na ni nyepesi. Alinifundisha kutoangalia picha bali kushika ile bunduki ya mfano nikiwa nimefumba macho, kisha kuchonga kile mkono ulichokumbuka. Alinifundisha kupaka rangi nyeusi isiyong'aa, halafu kusugua unga wa penseli kwenye kingo zake, ili ionekane chuma kilichochakaa mfukoni. Kile cha penseli kiliniua kabisa. Unasugua kidogo tu, na mbao inakuwa chuma mbele ya macho yako.

Nilichonga bastola kumi na nne. Kila moja ikapewa namba kwa rangi nyeupe, ndogo, chini ya kitako.

Na kila moja ikawa na sheria. Asubuhi inatoka kwenye sanduku, jina linaandikwa. Jioni inafungwa kwa kitambaa, inarudi sanduku. Haitoki kwenye set. Hata ukienda chooni unaiacha.

"Ni mbao tu," nilimwambia Kerubo.

Akamtafsiria. Mzee akanyoosha kidole kwenye sanduku, basi.

Sasa niwape kidogo habari za ukweni, halafu mtaelewa ujinga ulitoka wapi.

Mke wangu Moraa ni wa Ekerenyo, Nyamira. Watu wa majani chai, watu wa kanisa la Sabato, watu wa utaratibu. Baba yake ni mzee wa kanisa. Miaka kumi na moja nimeoa pale, na miaka kumi na moja mzee akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni mume wa Moraa. Yule wa mawe." Halafu anabadilisha mada.

Si kwa ubaya. Ni kwamba kwake kazi ni ualimu, udaktari, au chai. Mtu mzima kuketi chini akichonga kiboko anaona ni kama ugonjwa ambao kwa adabu hatuutaji.

Wiki hizo mzee alikuwa mgonjwa. Presha ilimwangusha shambani, akalazwa Kisii siku kadhaa, akarudi nyumbani anatembea kwa bakora na kushikwa mkono. Daktari alisema asishtuliwe. Kumbukeni hilo neno wakuu, mimi sikulikumbuka.

Familia ikapanga kukutana Jumapili kumwona. Moraa akatangulia Ijumaa. Mimi nikasema nitafika Jumapili, maana siku hiyo haturekodi, tunasafisha vifaa tu asubuhi.

Asubuhi hiyo nikiwa nafunga bastola kwenye vitambaa, shetani akanipitia. Sina maelezo mengine. Nikawaza: mara hii nitawaonyesha. Nitaitoa polepole, niiweke mezani, niseme hii iko kwenye filamu ya Japani, na imetoka kwenye mikono hii. Tuone nani ataitwa yule wa mawe.

Nikachukua namba nane. Ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Nikafunga kipande cha mbao kwenye kitambaa chake, nikakiweka kwenye shimo lake. Sanduku likaonekana limejaa.

Nikaingiza bastola kiunoni, juu yake jaketi la ngozi. Jua kali, watu wako na mashati, mimi na jaketi la ngozi.

Nilipanda boda kutoka Kisii kwenda Ekerenyo nikijihisi ni mimi ndiye yule jamaa mwenye huzuni anayekuja kuwamaliza. Tatizo moja tu. Mtutu ulikuwa unanichoma pale ambapo mwanaume hapendi kuchomwa. Kila shimo la barabara nilikuwa nasema jina la Yesu. Mwenye boda akaniuliza, "Boss, uko na shida ya tumbo?"

Nikalegeza mkanda matundu mawili. Nikapata nafuu.

Hapo kwenye mkanda ndipo kila kitu kiliharibikia, lakini tuendelee.

Nikafika kama saa nane. Nyumba imejaa: shangazi, wajomba, majirani wawili. Baba mkwe ameketi kwenye kiti chake, blanketi magotini, bakora ubavuni. Mama mkwe alikuwa upande wa mlango wa jikoni. Sisi Abagusii, Wakisii mnavyotuita, tuna chinsoni, ile heshima yenye mipaka. Mimi na mama mkwe hatusalimiani kwa mkono, hatukaribiani, hatutaniani. Miaka kumi na moja sijawahi kumgusa hata kidole. Tunasalimiana kwa mbali, kila mtu anaangalia ukuta wake.

Chai ikaja. Nikawa natafuta nafasi nzuri ya kuitoa ile kitu. Lakini kabla ya chai, sala.

"Tupige magoti," baba mkwe akasema. Yeye alibaki kwenye kiti, sisi sote chini.

Mnawajua wazee wa kanisa wakiomba baada ya kuponea kifo. Alianza na uumbaji.

Alipofika kwa Musa nilihisi bastola inateleza. Nikabana paja. Alipofika kwa nabii Eliya ikashuka mpaka gotini. Nikabana goti. Nilikuwa naomba kwa dhati kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Amina."

Tukasimama. Nami niliposimama, namba nane ikapita kwenye mguu wa suruali, ikatokea chini, ikaangukia sementi katikati ya sebule.

Ko.

Mnajua, ililia kama mbao. Mtu mwenye akili timamu angesikia ni mbao. Lakini hakuna aliyesikia, kila mtu alikuwa anaona.

Nikainama, nikaiokota, nikaiinua juu ili waione vizuri. Na kati ya maneno yote ya Kiswahili, Kiingereza na Ekegusii niliyofundishwa tangu utotoni, yaliyonijia ni haya:

"Msiogope! Ni yangu!"

Wakuu.

Sebule ilimwagika. Shangazi mmoja alitoka na sahani ya ndizi mkononi na hakuiangusha, mpaka leo sijui alipitaje. Vikombe vikaenda. Moraa alikuwa anapiga kelele jina langu lote, lile la kwenye kitambulisho.

Na baba mkwe, mgonjwa wetu, yule wa kushikwa mkono, alirusha blanketi, akaacha bakora pale pale, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mimi akilini kulikuwa na kitu kimoja tu: daktari alisema asishtuliwe. Lazima nimtulize kabla presha haijapanda.

Nikamfuata.

Mkononi nilikuwa na nini? Hilo swali niliulizwa sana baadaye. Ndiyo, nilikuwa nayo mkononi. Sikukumbuka kuiweka chini.

Sasa jichoreeni hiyo picha kutoka barabarani. Mzee wa kanisa anashuka kwenye shamba la majani chai, shati limetoka, anaruka mistari ya chai kama swala. Nyuma yake mkwe wake, jaketi jeusi la ngozi, bastola mkononi, anapiga kelele akimwita baba kwa Ekegusii, "Tata simama! Simama nikueleze!"

Hakusimama. Mimi pia nisingesimama.

Nduru zikapanda kilima chote. Kwenye kituo cha wakulima kuuzia majani chai, pale chini barabarani, kulikuwa na polisi wawili waliokuwa wamepita kwa shughuli zao. Wakaingia shambani.

Baba mkwe nikampoteza. Niliona tu majani yakitikisika, halafu yakaacha kutikisika. Nilijua amelala chini, lakini sikujua amelala vipi.

"Weka silaha chini!"

Nikageuka. Koplo mmoja, mrefu, bunduki yake begani, macho yake kwangu. Mwenzake anazunguka kwa upande.

"Afande, hii ni mbao," nikasema.

"Weka chini!"

Na mimi, badala ya kuweka chini, nikataka kumthibitishia. Wazo langu lilikuwa niing'ate. Nikiing'ata ataona alama ya meno. Nikaanza kuinua mkono kuelekea mdomoni.

Kisha nikasikia bunduki yake ikikokiwa.

Nimekaa kwenye set wiki mbili nikisikia sauti za bunduki. Ile ya koplo haikufanana na hata moja. Ilikuwa ndogo, kavu, haina haraka. Miguu yangu ilielewa kabla yangu. Nilisimama na mkono umeishia hewani, siwezi kuupandisha, siwezi kuushusha. Suruali ilikuwa imelowa, na msiniulize ni umande gani saa tisa mchana.

Niliwaza kitu kimoja. Kwamba Moraa ataambiwa nilikufa kwa ajili ya grevilea.

Ndipo mama mkwe akatokea kati ya mistari ya chai.

Kitambaa kimemdondoka kichwani, viatu hana. Hakukimbia. Alitembea moja kwa moja mpaka akawa katikati, mgongo wake kwa bunduki ya koplo, uso wake kwangu. Koplo akapiga kelele, "Mama, toka hapo!" Hakutoka.

Akaniangalia machoni. Kwa mara ya kwanza kabisa. Kisha akanyoosha mkono, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, kwa sababu vilikuwa vimekakamaa, akaitoa ile bastola.

Akaipima mkononi. Akainusa. Akakwaruza kwa ukucha, na chini ya rangi nyeusi kukatokea weupe.

Akageuka.

"Afande," akasema, "hii ni grevilea. Hata haijakauka vizuri."

Wakuu, mama huyo amepasua kuni miaka hamsini. Mbao anaijua kwa uzito tu. Na katikati ya kuniokoa alipata nafasi ya kuikosoa kazi yangu.

Koplo akashusha bunduki polepole. Akaniambia nilale chini. Nililala, tena kwa furaha. Sijawahi kupenda udongo namna ile.

Baba mkwe walimkuta mistari saba mbele, ameketi, mkono kifuani, anapumua kwa shida. Alikuwa hai. Walimpandisha kwenye gari la jirani wakampeleka kituo cha afya, na mimi nikapelekwa kituo cha polisi. Tulipishana pale barabarani. Hakuniangalia. Moraa alikuwa amemshikilia, na yeye pia hakuniangalia, na hapo ndipo hiki kisa kiliacha kuwa kichekesho kwangu kwa siku hiyo.

Kituoni wakaniambia niandike statement. Niliandika ukweli: "Nilikuwa namkimbiza baba mkwe kwenye shamba nikiwa na bastola kwa nia ya kumtuliza."

Koplo akaisoma kimya. Akaisoma tena kwa sauti. Akatoka nayo nje, nikasikia anawasomea wenzake.

Kabla jua halijazama mzee Hayashi akafika, na Kerubo. Sikuwaita. Mzee alikuwa amepitisha mkono kwenye sanduku mchana, akainua kitambaa cha namba nane, na kwa uzito tu akajua si yenyewe. Halafu simu yangu ikawa haipatikani, na habari za mtu wa bastola Ekerenyo zilikuwa zimeshawafikia kabla ya chai yao ya saa kumi kupoa.

Alikuja na vibali vyote vya filamu kwenye faili. Lakini kwanza alisimama mbele ya mkuu wa kituo, akainama. Si ile ya salamu. Aliinama mpaka mgongo ukalala, na akabaki huko. Mkuu wa kituo hakujua afanye nini, naye akainama kidogo. Mimi nilitamani sementi inimeze.

Niliachiliwa kwa onyo kali. Bastola walibaki nayo kwanza.

Nilidhani tutarudi Tabaka. Mzee akasema hapana, twende kwa mgonjwa.

Kituo cha afya hawakuturuhusu kuingia haraka, presha ilikuwa bado juu. Tukaketi kwenye benchi nje. Mzee akawa ameshika magoti yake, anaangalia nyasi. Kisha akaanza kuongea, taratibu, na Kerubo akawa ananieleza.

Alisema tangu aanze kazi hii hajawahi kushika bunduki ya kweli hata siku moja, wala hajui zinalia vipi zikiwa karibu. Alipokuwa mwanafunzi wa kazi, kijana, alisahau bastola ya filamu kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Dereva akaiona kwenye kioo. Akafungua mlango gari likiwa linatembea, akaruka. Alivunjika mguu mahali pawili, hakuendesha tena.

"Anasema alikuwa akienda kumsalimia yule dereva kila mwaka mpya," Kerubo akasema, "mpaka alipofariki."

Mzee akaongeza sentensi moja.

"Anasema bunduki ni ya uongo, lakini hofu ya anayeiona ni ya kweli."

Nilikuwa nasikia harufu ya udongo kwenye jaketi langu. Nilitaka kumwambia pole, na Kerubo alikuwa hapo, tayari kutafsiri, nikashindwa kupata hata neno la kumpa.

Kazi ya bunduki nilinyang'anywa, kwa haki kabisa. Lakini hakunifukuza. Alinipa kazi nyingine, na hii nahisi aliifikiria usiku kucha. Kila asubuhi, kabla watu hawajagawiwa bastola, nilisimama mbele ya waigizaji wote wa hapa nyumbani, nikawasimulia yaliyonipata, Kiswahili na Ekegusii. Kila asubuhi mpaka siku ya mwisho. Waliokuwa wameshasikia walikuwa wananisaidia pale pa "Msiogope, ni yangu." Walikuwa wanaitikia kama kwaya.

Hakuna bastola hata moja iliyotoka kwenye set tena.

Baba mkwe aliruhusiwa kurudi nyumbani Jumanne. Nilingoja wiki nzima ndipo nikathubutu kwenda. Nilienda na Moraa, ambaye alikuwa ameanza kuniongelesha, mambo ya lazima tu, kama chumvi iko wapi.

Wazee wengine wa ukoo walisema chinsoni imevunjwa, mama mkwe amenishika mkono, lazima litengenezwe kwa mbuzi. Baba mkwe akasema kwake hakuna mbuzi, tutaomba. Nikapiga magoti, na safari hii sikuwa na kitu kiunoni, hata simu niliacha nje. Nikaomba msamaha kwake. Nikaomba msamaha kwa mama mkwe pia, nikiangalia ukuta wangu. Yeye akajibu akiangalia wake, "Mbao ikauke kwanza miezi mitatu." Akaenda jikoni.

Tukabaki wawili, mimi na mzee. Nikajua sasa ndiyo naambiwa nirudishe binti yao.

Mzee akasogeza kiti.

"Wewe," akasema kwa sauti ya chini, "niambie ukweli. Nilikimbia?"

"Ulikimbia, tata."

"Mpaka wapi?"

"Ulivuka mistari yote ya juu. Ukaruka na ule mfereji."

"Mfereji niliruka?"

"Uliruka."

Akafikiri. "Na wewe hukunifikia."

"Sikukufikia, tata. Wala sikukukaribia."

Mzee akajiegemeza nyuma. Akaangalia miguu yake kama mtu anayeangalia watoto waliofaulu mtihani. "Daktari aliniambia mwaka huu sitatembea bila fimbo," akasema. Halafu akaanza kucheka, taratibu, kifua kinapanda kinashuka, mpaka Moraa akaja mbio kuangalia kama ni presha.

Wakuu, mafunzo niliyoyapata ni haya, na nayatoa bure.

Ukitaka watu waheshimu kazi yako, wape muda, usiwatege. Mimi nilitaka kuwashangaza, nikawatisha, na umbali kati ya hayo mawili ni mfupi kuliko nilivyodhani. Hata sisi tunaocheza na vitu vya uongo, anayetuona hajaambiwa kwamba tunacheza. Hilo liliniingia likipitia kwenye mdomo wa bunduki ya mtu mwingine, na sitamani mmoja wenu alisomee huko.

Na ukienda ukweni, beba sukari. Sukari haijawahi kumlaza mtu kifudifudi.

Nimemaliza. Haya, nyinyi mliowahi kuaibika ukweni, msininyime kampani, shusheni visa vyenu hapo chini. Wa kucheka acheke. Wa kunitukana atumie Kiswahili safi. Na kama yule koplo yumo humu, afande, naomba nakala ya ile statement uliyobandika kwenye ukuta wa kituo uitoe, shemeji zangu hupita hapo.